Shemeji anasema kompyuta hazinywi maji

Shangazi, assalamu alaykum.

Kijiji chetu naomba usikitaje, na hata ukikitambua nyamaza. Tuko kusini mwa Unguja, upande wa mawe, huku ambako ukitaka kuchimba shimo la choo unaanza na mtaimbo na unamaliza na mtaimbo. Kisima tunachoteka alikichimba marehemu baba mkwe wangu na wenzake, akakinuia sadaka, na mpaka leo hakina kufuli. Mtaa mzima unateka hapo. Maji ya bomba tunayo, lakini yanakuja yakitaka yenyewe, na wiki yasipokuja hakuna anayepiga kelele sana kwa sababu kisima kipo.

Kabla ya mvua walikuja wageni wa kampuni moja wakiongozana na sheha. Mkutano ukaitishwa uwanja wa skuli. Tukaelezwa kwamba kwenye makonde ya muhogo nyuma ya skuli litajengwa jumba la kompyuta, wao wanaliita kituo cha data, la kuhifadhia mambo ya mabenki, ya simu na ya hii akili mnemba. Vijana wakaahidiwa kazi. Mwisho kabisa, watu wanasimama kukung'uta nguo, ndipo mmoja akasema watachimba na visima virefu kwa matumizi yao.

Nikanyanyua mkono nikauliza maji mengi hivyo ni ya nini. Aliyenijibu si mgeni, ni shemeji yangu, kaka yake mume wangu, ambaye yumo kwenye kamati ya sheha. Akasema: "Kompyuta hazinywi maji. Ukiimwagia kikombe kimoja tu inakufa." Watu wakacheka, na mimi nikakaa.

Baadaye likaja gari la kuchimbia. Wakatoboa kisima cha majaribio, wakafunga pampu ikavuta usiku na mchana. Asubuhi nimekwenda kuteka, maji ya kwetu yametoka meupe. Nikaiacha ndoo itulie, nikakuta unga umekaa chini, mzito, ukiusugua kwa vidole unakwaruza. Yalikaa hivyo siku kadhaa kisha yakarudi kuwa safi. Lakini tangu hapo chai naiona haina ladha yake, na sabuni kama haitoi povu la zamani. Jirani yangu anasema ni kiangazi tu. Mie mwenyewe ulimi wangu siuamini tena.

Binti yangu anasoma chuo mjini. Alinionyesha kwenye simu mama mmoja wa Marekani anayekaa karibu na jumba kama hilo, anafungua bomba la kisima chake yanatoka maji ya tope. Nikamwonyesha mume wangu, ni mvuvi, alipokuja likizo kutoka dago, kambini kwa wavuvi. Akaniambia hayo ni ya Wamarekani, na nisimtie aibu mbele ya kaka yake. Sasa amerudi baharini.

Kilichonifanya nikuandikie ni karatasi. Siku ile ya mkutano tulitia saini daftari la mahudhurio, kwa ajili ya soda na nauli ya waliotoka mbali. Sasa tunasikia daftari lile limepelekwa mjini kama ushahidi kwamba wanakijiji wameridhia. Mkutano wa pili umetangazwa na mimi najua nikisimama tena nitachekwa tena. Mama mkwe tunakaa naye nyumba moja, ni mzima wa akili, lakini juu ya jambo hili hajatia neno.

Naomba uniambie ukweli Shangazi. Kompyuta zinakunywa maji au hazinywi? Kisima chetu kimeshaharibika? Na mimi niseme nini, kwa mdomo gani?

Mteka Maji, Kusini Unguja

*

Waalaykum salaam mwanangu.

Shemeji yako kasema kweli nusu. Kompyuta hainywi. Inayokunywa ni mashine ya kuipoza. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto, na kompyuta zikiwa maelfu ndani ya jumba moja, joto hilo lisipotolewa zitazimika zenyewe. Njia mojawapo ya kulitoa ni minara ambayo maji hupitishwa yakageuka mvuke. Mvuke ukishapanda haurudi kisimani kwenu. Wastani unaotajwa sana katika kazi hiyo ni kama lita 1.8 kwa kila uniti moja ya umeme. Chukua kituo kidogo, cha megawati 1. Kwa siku kinakula uniti 24,000, basi maji ni lita 43,000 na ushei. Hayo ni madumu ya lita 20 zaidi ya elfu mbili, kila siku, Idi na mfungo.

Lakini kabla hujaondoka na hesabu hiyo kwenda kumzaba nayo shemeji, iweke karibu na nyengine. Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilitoa ripoti kuhusu maji ya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Nyumba ya mwanakijiji ilikuwa ikitumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Gawanya mwenyewe: kituo changu cha mfano kinakunywa sawa na nyumba 460 hivi za kijijini, au sawa na vyumba 14 vya hoteli hiyo. Vyumba 14 tu! Watu wanaomwogopa mwenye kompyuta na kumpisha mwenye hoteli wananishangaza kidogo. Kisima hakijui nani kafunga pampu.

Ipo na njia ya pili. Kituo kinaweza kupozwa kwa hewa, au kwa maji yanayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa bila kugeuka mvuke. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kwamba vituo vyake vipya vitasanifiwa namna hiyo. Maji yanayohitajika yanakuwa machache, na bei yake ni umeme kupanda. Tena hewa ya kwetu ina unyevu mwingi, nguo ya pwani haikauki upesi, na mashine inayotegemea maji kugeuka mvuke nayo hailipi sana hewa ikiwa hivyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa wahandisi wa kampuni hiyo hawana haja ya maji mengi. Basi waulizwe kwa upole: kama hamna haja, visima virefu vya nini, na pampu ile ya usiku kucha ilikuwa inajaribu kitu gani?

Nije kwenye mawe yenu, maana hapo ndipo pana kazi. Chini yenu hakuna mto. Maji matamu mnayoteka ni mvua ya masika na vuli iliyopenya kwenye matumbawe, ikakaa juu ya maji ya bahari yaliyo ndani ya jiwe hilohilo, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Yanaelea kwa sababu ni mepesi. Kanuni yake wataalamu wanaijua tangu karne ya 19: kwenye visiwa vya namna hii, uso wa maji matamu ukishuka sentimita 1, mpaka wa maji ya chumvi huko chini unaweza kupanda mpaka sentimita 40, ukipewa muda. Kwa hiyo wanaosema "tutachimba kirefu, hatutagusa maji yenu ya juu" wanazungumza kama tuko bara. Kwetu ukizidi kwenda chini unaifuata bahari. Na pampu kubwa ikishaivuta chumvi juu, kuizima pampu siku hiyo hakuirudishi chumvi chini siku hiyo. Inasubiri mvua, na mvua moja haitoshi.

Ule unga mweupe kwenye ndoo yako ni chokaa ya jiwe. Kuchimba na kuvuta kwa nguvu kunatikisa nyufa na kuzoa vumbi lililotulia humo miaka. Peke yake haina maana kwamba kisima kimekufa, na hilo nataka ulisikie vizuri ulale. Hata hivyo ni ishara nzito kwamba maji ya shimo lao na ya kwenu yanapitia njia moja. Andika tarehe, andika jina la jirani aliyeyaona. Na maji yakitibuka hivyo tena, ya kunywa yachemsheni au muyatie dawa ya klorini baada ya kuyachuja, kwa sababu nyufa zinazopitisha chokaa zinapitisha na uchafu wa vyoo. Ila chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Inazidi.

Sasa huyo mama wa kwenye simu. Kisa ni cha jimbo la Georgia, jirani na kituo cha Meta, wale wenye Facebook, kilichoanza kujengwa mwaka 2018. Wenye nyumba walilalamika kwamba kisima chao kiliingia mchanga na tope. Meta ikaleta uchunguzi wake wa maji ya chini ya ardhi, ikasema si kazi yao. Kule jiwe ni gumu, la itale, la kwenu ni tumbawe lenye matundu, kwa hiyo usichukue tope la Georgia ukalisubiri kusini Unguja. La kwenu likija litakuja kwa chumvi, na chumvi haionekani kwenye video. Mume wako amekosea kusema ni ya Wamarekani, lakini na binti naye mwambie picha ya Georgia haitashinda kesi yoyote huku.

Kuna visa viwili vyengine ningependa binti azungumze navyo mkutanini kuliko hicho. Mji wa The Dalles, jimbo la Oregon, una vituo vya Google. Gazeti la The Oregonian liliomba kujua vinatumia maji kiasi gani, na halmashauri ya mji ikalishitaki gazeti ili isitoe jibu, kwa hoja kwamba ni siri ya biashara. Mwishoni mwa 2022 walisuluhishana na takwimu zikatoka: mwaka 2021 vituo hivyo vilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Kisa cha pili ni Uruguay. Mwaka 2023 ukame ulikuwa mkali mpaka maji ya bomba ya Montevideo yakawa na chumvi, na wakati huohuo ikajulikana kwamba Google ilipanga kituo cha kutumia lita milioni 7.6 kwa siku. Ilijulikana kwa sababu mtafiti mmoja alikwenda mahakamani kudai takwimu hizo. Watu waliandamana, na mpango ukabadilishwa ukawa wa kupoza kwa hewa. Kote kuwili kilichokuwa kigumu ni kuipata tarakimu. Ikishatoka, mazungumzo yalibadilika.

Liko jambo hukuniuliza, nalo mimi linanitisha kuliko minara. Umeme wa Unguja unatoka Tanzania Bara kwa waya unaopita chini ya bahari na kutokea Fumba. Mwaka 2008 tulikaa gizani wiki kadhaa, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa tena, wewe pengine ulikuwa mdogo. Baadaye uliwekwa waya mkubwa zaidi, lakini mwenye kituo cha data hawezi kubahatisha. Kompyuta zake hazitakiwi kuzimika hata dakika. Kwa hiyo huenda akawa na majenereta makubwa na matangi ya dizeli, vituo vingi duniani vinayo. Dizeli ikivuja kwenye ardhi ya udongo mzito inakwenda taratibu. Ikivuja kwenye mawe yenye matundu haina wa kuizuia, na kisima kikishanuka mafuta hakuna dawa ya nyumbani, mnaacha kukitumia siku hiyohiyo. Waulizeni tangi lina kuta mbili, limezungushiwa ukuta wa kuzuia linapovuja, na mvua ikinyesha maji ya uwanja wao yanaelekea wapi. Kama watatumia ile minara, waulizeni na maji yanayobaki ndani yake yanamwagwa wapi, kwa sababu yamekusanya chumvi na dawa za kuzuia kutu na magamba. Wakijibu "kwenye shimo la kunyonya", basi wamejibu kwamba yanarudi kwenu.

Na ikiwa mjanja mmoja atasema watatumia maji ya bahari, si uongo, Google wanafanya hivyo Hamina, Finland, tangu 2011. Lakini maji hayo yakirudishwa baharini ni ya moto kuliko yalivyochukuliwa, na akina mama wa mwani wanajua joto linavyoutenda mwani. Msije mkaokoa kisima mkaua shamba la jirani.

Haya, kazi. Ulimi wako huuamini, na ni sawa, kwa sababu ulimi hauweki kumbukumbu na mkutanini hauwezi kusimama dhidi ya mhandisi. Nunua kipimo cha kupimia chumvi ya maji, wauzaji wanakiita kipimo cha TDS. Ni kidogo, kinaingia mfukoni, unakichovya kinakupa namba ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema maji yaliyo chini ya kama 600 ladha yake ni nzuri, na yakipita 1,000 watu wengi hawayataki. Pima alfajiri kabla ndoo ya kwanza haijaingia. Halafu shusha kamba yenye uzito mpaka iguse maji, tia alama pale kamba ilipo kwenye ukingo wa kisima, kisha ipime kwa tepu ya fundi. Namba mbili hizo, chumvi na kina, zinakwenda kwenye daftari pamoja na tarehe na hali ya mvua.

Ila visima vya karibu na pwani vinapanda na kushuka na bahari. Ukipima siku ya bamvu, bahari inapojaa na kupwa sana, na siku ya maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, utapata namba tofauti bila pampu ya mtu yeyote, na mwenye kampuni atalijua hilo kabla yako. Nyumbani kwako yuko mvuvi. Hesabu ya maji kujaa na kupwa analala nayo. Mpe yeye safu hiyo ya daftari, hata akiwa dago atakwambia kwa simu leo ni maji gani. Na mtu mwenye safu yake kwenye daftari hasemi tena unamtia aibu.

Msipime kisima kimoja. Chukueni na vya majirani wawili, na kimoja kilicho mbali kabisa na yale makonde. Hicho cha mbali ndicho kitakachokujibia jirani yako anayesema ni kiangazi. Kikiwa kimepanda chumvi sawa na cha kwenu, basi ni kiangazi, na mumwombe radhi mwenye kampuni kimoyomoyo. Cha kwenu kikipanda na cha mbali kisipande, hapo mna neno la kusema. Pampu ya majaribio imeshapita, hilo halirudi, lakini ujenzi haujaanza, na vipimo vya kabla ya ujenzi vina thamani kuliko vyote vitakavyofuata. Mara moja pelekeni na sampuli maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, waulizeni chupa za namna gani, na muombe wapime kloridi, naitreti, vijidudu vya kinyesi na mafuta. Mtu wa ofisi ya sheha awepo chupa zikijazwa.

Daftari la mahudhurio ni ujanja wa zamani na hautibiwi kwa kugombana. Andikeni barua fupi: siku fulani tulitia saini kuhudhuria, hatukutia saini kuridhia, na tunaomba kuona ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Watie saini walewale waliosaini mwanzo, wengi iwezekanavyo. Nakala iende ZEMA wanaosimamia mazingira, iende ZAWA wenye dhamana ya maji, iende na kwa mkuu wa wilaya, na kila ofisi igonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Mkikwama, wasaidizi wa sheria wapo, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mjini kitawaelekeza. Mkutano wa pili, kabla ya mtu wa kwanza kusaini, juu ya karatasi iandikwe "mahudhurio tu" na binti aipige picha.

Kudai waondoke ni haki yenu, lakini msianze na hilo, maana mtajibiwa kwa ajira. Juu ya ajira waulizeni tu ni wangapi watabaki kazini jengo likishakwisha. Majumba haya yanahitaji mafundi wengi wakati wa kujenga na watu wachache sana baadaye. Nyinyi dai lenu liwe juu ya maandishi. Lita ngapi kwa siku, mita itasomwa na nani na mtaoneshwa lini. Kichimbwe kisima cha uangalizi katikati ya pampu yao na kisima chenu. Na namba ya chumvi iandikwe ambayo ikifikiwa pampu inazimwa, inazimwa kwanza kisha mazungumzo ndiyo yanaanza. Ahadi ya "tutawaletea maji kwa gari" msiipokee badala yake. Gari linaharibika, na mkataba wa gari unakwisha kabla ya chumvi.

Umeniuliza kwa mdomo gani. Si wako. Shemeji yako humuwezi, mwanangu, kila utakachosema atakirudisha kwa mzaha na wanaume watacheka kwa sababu ni desturi. Lakini mama yake anamuweza. Kisima ni sadaka ya mume wake, thawabu yake anaitarajia yeye kabla yako, na kunyamaza kwake hakuniambii kwamba hajali. Pengine hakuna aliyemuuliza. Kaa naye, usimpe habari za Georgia wala Google. Mtie maji ya kisima kwenye gilasi, mtie na ya bomba, muulize chai ya lipi ataitaka. Kisha msomee yale maswali mpaka ayashike mawili: visima virefu vya nini, na chumvi ikipanda nani anazima pampu. Mkutanini aulize yeye, akiwa amekaa kitini mstari wa mbele, na wewe nyuma yake na daftari. Kama shemeji atamjibu mama yake kuhusu kikombe cha maji na kompyuta, nitashangaa.

Kabla ya hapo mtafute shemeji pembeni, siku mbili tatu mbele, umwambie mama atauliza. Usimvizie. Yumo kwenye kamati, naye anateka maji palepale, na huenda hajawahi kuoneshwa karatasi yoyote zaidi ya nyinyi. Akijua maswali mapema ana nafasi ya kuyapeleka kwa kampuni kama yake, na akifanya hivyo mwacheni aonekane ndiye aliyeyauliza. Daftari la vipimo libaki nyumbani kwako. Kila ukurasa ukijaa binti aupige picha, na nakala moja umpe sheha akutilie saini kwamba ameipokea.